Bwana Mkubwa, Bubu na Harusi Isiyotaka Flashi

Jumanne, 4 Oktoba 2005

Nimenunua daftari hili leo Mtaa wa Kongo. Kava gumu, kurasa mia mbili. Mtu wa mikakati huandika. Naandika Kiswahili kwa makusudi: mama yangu anakiongea kuliko muuza genge, ila kusoma anasoma Kigujarati tu. Binamu yangu Ketan anasoma vyote viwili, kwa hiyo daftari litakaa chini ya boksi la filamu zilizopitwa na muda. Hapo hapaguswi na mtu. Severa tu, dada wa studio, akifagia.

Sasa habari yenyewe. Mzee Champaklal, muuza vitambaa, anamuoza binti yake Nirali mwezi wa kumi na mbili. Siku nne za sherehe. Binti ametoa sharti: pale wanapofungia ndoa ziwake taa za samli peke yake, na flashi hataki kuiona. Katika harusi ya dada yake, mpiga picha alimulika mpaka bwana harusi akatoka kafumba macho katika picha zote, na mkwe mmoja akakosea ngazi. Mzee kakubali. Jumatano ijayo ni Dasara, siku tunayobariki vyombo vyetu vya kazi, na yeye atafanya ibada godauni kwake kwa taa hizohizo za samli. Amealika wapiga picha wawili. Atakayeleta picha moja bora bila flashi ndiye atapiga harusi.

Wa kwanza ni mimi, Tejas. Wa pili ni Ghanim, mwenye studio ng'ambo ya barabara, mtu anayesalimia kila mtu kana kwamba anagombea udiwani.

Mama kasikia habari hizo kabla sijavua viatu. Kasema nikiikosa harusi hii, chumba cha studio anampa Ketan afungue intaneti kafe. Hajasema kwa hasira. Kasema huku anamenya viazi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ketan alishapima ukuta kwa futikamba.

Studio Jasvanti aliifungua baba, akaipa jina la mama. Kaunta bado ina kibonyeo palipokuwa panakaa kiwiko chake. Nilipofikiria kompyuta kumi zimepangwa juu ya kile kibonyeo, nilikwenda kukipangusa kwa kiganja, nasema kweli.

Lakini hofu ya nini? Mimi nimelelewa kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Nani atanifundisha giza?

Alhamisi, 6 Oktoba

Kariakoo, duka la Turki. Zamani baba alingoja mkanda mmoja wa filamu miezi mitatu. Siku hizi ni soko huria, Turki anazipanga kamera mafungu kama nyanya, zote kutoka Dubai.

Kamera za kidijitali za kazi ya kweli anazo mbili tu, moja ya kila aina. Ya kwanza kubwa, nzito, inapiga picha nane kwa sekunde na sauti yake ni ya cherehani. Nimeipa jina Bwana Mkubwa. Ya pili ndogo, nyeusi, ina lenzi fupi nene yenye tundu pana, na ukibonyeza husikii kitu. Hiyo nimeiita Bubu.

Turki kanieleza, taratibu, maana alikuwa amefunga. Kasema kwenye giza usihesabu megapikseli. Angalia tundu la lenzi, likiwa pana linakaribisha mwanga mwingi. Angalia na ISO, ile namba ya kuiamuru kamera iwe na macho ya paka. Ukiipandisha, kamera mbaya inatoa chengachenga na kamera nzuri inatulia. Kwa kazi ya taa za samli, yeye angechukua Bubu, afunge mdomo.

Nikamshukuru. Kisha nikamuuliza kama Ghanim ameshapita. Kasema atakuja baada ya sala ya alasiri.

Hapo akili ikafanya kazi yake. Nimechukua zote mbili, za majaribio, wiki nzima. Rehani nimeacha kadi ya vespa yangu. Turki alikuna ndevu lakini akaandika. Ghanim atakuta kabati tupu! Atabaki na kamera yake ya filamu, ile ya marehemu mjomba wake.

Severa kazibeba mpaka nyumbani. Severa ni msaidizi wangu wa studio, mwaka wa tisa huu: anapokea wateja, anasafisha picha, anakata, anaweka fremu. Nikamweleza njia nzima jinsi vita inavyoshindwa kabla haijaanza. Alisema "sawa bosi" mara kumi na moja.

Ijumaa, 7 Oktoba

Majaribio. Mahali: chini ya ngazi za jengo letu hapa Mchafukoge, ambapo taa iliungua mwaka juzi na hata mchana wa saa sita wapangaji wanapapasa. Severa kashika mshumaa.

Bwana Mkubwa kwanza. Nikapandisha ISO mpaka mwisho. Picha ishirini na nne kabla Severa hajapepesa jicho. Tukazitazama kwenye kompyuta: uso wote chengachenga, kama televisheni ambayo antena imeanguka. Halafu Bubu. Picha moja. Severa yumo mzima, ngozi imetulia, kope unazihesabu, na nta inayotiririka mkononi unaiona.

Severa akasema, Bubu. Akaomba aijaribu mwenyewe kidogo. Nikamruhusu, nikienda kupumzisha macho.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina na nimeamua: Bwana Mkubwa. Turki na Severa wanafikiri kama mafundi. Mimi nafikiri kama mfanyabiashara. Mteja hazioni chenga, anaiona kamera. Bubu haina sauti, sasa mteja atajuaje kwamba anapigwa picha? Halafu Bubu inakupa nafasi moja. Bwana Mkubwa inakupa nane kwa sekunde, na kati ya nane haikosekani moja ya bahati.

Jambo la pembeni. Tumo katika siku tisa za mfungo wetu wa Navratri, na mama ametuweka kwenye matunda, maziwa na viazi. Mpiga picha wa kimataifa hawezi kushika kilo mbili za kamera kwa nguvu ya ndizi. Saa saba mchana nilikwenda kibanda cha Celina, Mtaa wa Aggrey, nikala chipsi mayai. Mayai matatu. Pilipili nyingi. Nilikaa nyuma ya friji, mgongo kwa barabara. Hakuna aliyeniona. Nimehakikisha.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mama kaniwekea papai asubuhi. Kasema papai linasaidia kuteremsha mayai. Halafu akauliza kama pilipili ya Celina ilitosha.

Nilikaa na kijiko hewani.

Ni Ketan. Hakuna mwingine. Ananifuatilia mitaani, pengine amejificha ndani ya friji lenyewe. Kuanzia leo natembea kwa kuzunguka.

Severa kaniambia leo kwamba saba zangu zinafanana na moja, niwe naziwekea kistari katikati. Sijui alikuwa anasema risiti ipi. Kisha akapanda juu kumpelekea mama chai ya saa nane kama kila siku. Wanakaa nusu saa nzima. Leo nimesikia mama anacheka mpaka anakohoa. Itakuwa tamthilia ya televisheni.

Lakini nimeshajilipa. Mkakati wa leo ni mzuri kiasi kwamba naona haya kuuandika. Ghanim yumo katika Ramadhani. Jua linazama saa kumi na mbili na robo. Ibada ya Mzee Champaklal ilipangwa saa tano asubuhi. Basi nimekwenda kumwamkia, nikamwambia kitaalamu kabisa kwamba taa za samli hupendeza jioni, tena hasa saa kumi na mbili na robo. Mzee akanisifu. Kasema nina jicho la marehemu baba.

Ghanim atachagua: futari yake au picha yangu. Mimi simlazimishi.

Jumatatu, 10 Oktoba

Ghanim kaja studio. Kamwamkia mama shikamoo ya kuinama, mama kaitikia marahaba ndefu ambayo mimi sijaisikia tangu nifaulu darasa la saba. Kamletea na tende.

Shida yake: Turki amemwambia kamera zote mbili ziko kwangu. Kauliza, kwa adabu, kama ninaweza kumwazima ile nisiyoihitaji kwa siku moja ya Jumatano. Nikamjibu kwa heshima kwamba zote zimo kwenye uchunguzi. Akasema hamna neno, kaka Tejas, nitajaribu na mkanda na stendi ya miguu mitatu. Akanitakia kila la heri. Nilimwonea huruma kwa dakika mbili hivi.

Mama alikuwa ananitazama muda wote. Ghanim alipotoka, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akarudi jikoni. Sijui kisima gani. Jengo hili lina maji ya bomba.

Nimefanya mazoezi na Bwana Mkubwa. Picha mia nne za feni. Severa naye kutwa yuko chini ya ngazi na Bubu, anawapiga wapangaji wanaopapasa. Nikamwacha, mradi asichoke, maana Jumatano ni yeye atakayebeba begi.

Jumatano, 12 Oktoba. Dasara

Naandika harakaharaka. Kwa furaha, nadhani. Nianze asubuhi.

Kila Dasara mama anabariki vyombo vya studio: mkasi, taa, mashine ya kukatia, vyote vinafungwa uzi mwekundu na kupakwa tone la kanku, ule unga mwekundu wa ibada, na yeye huukoroga na samli ili ushike. Leo zilikuwepo kamera mbili. Bubu kapakwa juu, kwenye paji, akanyamaza kama kawaida yake. Ilipofika zamu ya Bwana Mkubwa nikamzuia mama. Nikamwambia kazi ya leo ni ya giza, na gizani kinachohangaika si paji, ni jicho. Baraka iwekwe inapotumika. Ghanim ana lenzi, ana stendi, ana mkanda. Kitu asichokuwa nacho ni Dasara.

Mama akasema tangu azaliwe hajaona mtu anapakwa kanku ndani ya jicho. Nikasisitiza. Akasema basi, kamera ni yako. Tone moja, katikati ya kioo cha lenzi, na punje ya mchele juu yake. Nilipanga kulifuta taratibu kabla ya kazi. Baraka ingekuwa imeshaingia.

Jioni, godauni la Mzee Champaklal. Mageti yamefungwa, taa za umeme zimezimwa, marobota ya vitambaa mpaka darini, na katikati mizani, futikamba, mikasi na pikipiki ya duka, vyote vimevishwa maua. Taa mia na moja za samli zinangoja kuwashwa. Saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu. Ghanim yupo kwenye kona yake na stendi. Nikamtazama kwa upole.

Hapo Mzee Champaklal akanyoosha mkono, akasimamisha kila kitu. Kasema tuna mwenzetu amefunga, na ibada haianzi mgeni wangu akiwa na njaa. Mkewe akatoa sinia: tende, maji, bajia, kachori, chai ya maziwa. Walikuwa wameandaa! Ghanim kafuturu kiti cha mbele, akapewa ofisi aswali, na Mzee kawaambia watu wote kwamba saa hii nzuri aliichagua Tejas. Ghanim akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kasema hajawahi kufikiriwa namna ile na mshindani wake. Nikasema, ah, kawaida.

Sikuwa na la kufanya. Nikala jalebi, zile tamutamu za duara. Dasara bila jalebi si Dasara, na zilikuwa za moto, shira inatiririka mpaka kwenye viwiko. Nikafuta mikono kwa leso.

Taa zikawashwa. Nirali mwenyewe alikuwa anaziwasha, moja baada ya moja. Nikafungua lenzi na kukumbuka lile tone. Nikatoa leso, nikafuta haraka. Leso ileile. Nilipochungulia nikaona ulimwengu umekuwa wa waridi, kila taa imevimba kama kitunguu. Nikafikiri: sanaa.

Nikaanza. Kra-kra-kra-kra. Maharaji anayeongoza ibada akanyamaza katikati ya sala, akatazama dari. Akaendelea. Kra-kra-kra. Akanyamaza tena. Mara ya tatu Mzee Champaklal akauliza kama kuna mtu kaacha cherehani inafanya kazi ghalani. Mimi nikazidi kusogea mbele, maana bahati ni ya anayesogea.

Severa nilimweka nyuma na Bubu. Nilimwagiza anipige mimi nikiwa kazini, kwa ajili ya matangazo. Sikumsikia hata mara moja. Nadhani hakupiga.

Ghanim kapiga picha sita tu. Sita! Mimi nina mia tisa na thelathini.

Alhamisi, 13 Oktoba

Ushindi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi tumefungua kadi ya Bwana Mkubwa kwenye kompyuta, mimi na Severa. Picha mia tisa na thelathini za ukungu mwekundu. Ndani ya ukungu, chengachenga. Ndani ya chengachenga, kitu ambacho kinaweza kuwa Mzee Champaklal au pikipiki. Nilikaa chini. Nikaweka kiwiko changu kwenye kibonyeo cha baba, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze sikuwa na mkakati wowote. Juu nilimsikia Ketan akimuuliza mama soketi za umeme ni ngapi.

 Severa akachomeka kadi ya Bubu. Alikuwa na picha arobaini. Ya kumi na saba alipofika tukasogeza viti wote. Nirali ameukinga moto wa taa kwa viganja viwili, mwanga unapita katikati ya vidole mpaka unaona wekundu wa damu yake, na nyuma Maharaji, na nyuma kabisa Ghanim anatafuna tende ya mwisho kwa siri huku anatabasamu. Hakuna hata chenga moja.

Saa nne tulikuwa kwa Mzee Champaklal. Ghanim kaleta yake, nzuri, imetulia, ila watu wote wamesimama kama wanapiga picha ya pasipoti. Mzee akaiweka ya Severa mezani.  Akamwita mkewe. Mkewe akamwita Nirali. Nirali akaitazama, akauliza kapiga nani. Nikasema, studio yetu. Akauliza tena, nani. Severa akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

Kazi ni yetu. Siku zote nne. Nirali kasema tena siku ya hina, ambayo wanaume hawaruhusiwi kuingia, Severa atakaa nao kutwa. Ghanim kampa Severa mkono. Kisha kanipa na mimi, ingawa safari hii kwa mkono mmoja.

Watu wa juujuu watasema picha ni ya Severa. Naomba waitazame vizuri. Kona ya chini kushoto kuna kiwiko, na juu ya kiwiko kuna ncha ya kamera kubwa. Ni mimi. Katika picha iliyoshinda, mimi nimo. Na ni nani aliyeleta Bubu Mchafukoge? Ni nani aliyehamisha ibada jioni? Asubuhi ya saa tano isingetoka vile.

Mama kapanga upya mambo ya studio. Chumba kinabaki studio. Ketan amepewa stoo ya chini ya ngazi, palepale kwenye giza, na kompyuta mbili. Severa ndiye mpiga picha mkuu, na kuanzia mwezi huu ana sehemu yake katika biashara, imeandikwa. Mimi ni Mkurugenzi. Siku za harusi Mkurugenzi atabeba stendi na begi, ili aone kazi kwa karibu.

Bwana Mkubwa kesho asubuhi anarudi kwa Turki. Nitamweleza kwamba ile harufu ya samli ni ya kiwandani.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Jioni mama kanipa sahani ya jalebi, akaniambia nivuke barabara wakati wa futari, nimpe Ghanim, na nimwombe radhi kwa kuitega swaumu yake.  Mkakati ule sikumwambia mtu. Sikuunong'ona hata bafuni. Niliuandika humu tu! Nimekwenda, nimempa jalebi, na kwa kuwa mama alikuwa amesimama roshani ananitazama, nikaomba na radhi. Ghanim kacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Nilijisikia mdogo, na jalebi yake moja niliila mimi.

Sasa ni wazi. Ketan amegundua daftari, analisoma na kupeleka maneno juu. Boksi la filamu si salama tena, hasa akihamia chini ya ngazi. Nimemweleza Severa tatizo, bila kumtajia yaliyomo. Yeye hakushangaa hata kidogo. Mtu mtulivu sana. Kajitolea kulifungia kwenye droo yake, ufunguo abaki nao mwenyewe. Nimekubali palepale, maana nina mpango wa siku ya hina unaohitaji baibui moja na usiri mkubwa, na kesho nitauandika wote.

Kaniomba kitu kimoja tu: nisiache kuandika hata siku moja, na zile saba niziwekee kistari. Angalau katika jengo hili kuna mtu mmoja anayejua kutunza siri.